Kamba ya Ng'ombe

Kila Jumanne natuma jarida la wauza dagaa,
wanachama mia mbili na kumi na wanne, kuanzia hapa Kirumba
hadi Ukara, hadi Geita, na wachache waliovuka bahari
ila ada bado wanalipa.
Ofisi iko juu ya duka la nyavu la Masalu,
dirisha linatazama Mwaloni,
harufu inapanda ngazi bila kubisha hodi.
Bei ya gunia kwanza. Halafu mvua. Halafu nani kafiwa.

Mwanzoni nilikuwa mshamba wa kazi hii.
Nilibandika picha sita, nzito kama magunia yaliyoloa,
na Nyamizi wa Ukara akanipigia:
"Minza, barua yako imekula bando langu lote
na sijaona hata jicho la samaki."
Nikajifunza kuzikausha picha:
maji yatoke, sura ibaki.

Nikajifunza pia kwamba video haikai ndani ya barua.
Ng'ombe hatiwi kwenye bahasha.
Unampa mtu kamba, ng'ombe anabaki zizini,
mwenye hamu atavuta.
Kamba yenyewe ni maneno machache ya buluu, yamepigiwa mstari,
na usiandike "bofya hapa".
Hapa ni wapi? Sema kilichofungwa upande wa pili.

Chini ya kila picha naacha sentensi
kwa ajili ya Bugota, ambaye macho yamemwacha
na simu humsomea kwa sauti kavu:
"Chanja tatu za waya. Dagaa wa leo. Nyuma, jiwe lenye mgongo wa kiboko."
Alinijibu siku moja: jiwe hilo nalijua, nilianguka pale.

Toleo la arobaini na mbili, somo la kuanika:
mchanga si kitanda cha dagaa, tandazeni juu ya chanja.
Video ya dakika mbili, niliipiga Igombe mwaka juzi.
Nikafunga kamba, nikatuma, nikaenda kula.

Kompyuta hutoa hesabu: nani kafungua, nani kavuta.
Wengi mara moja.
Masalu hakufungua, ingawa yuko chini ya miguu yangu.
Na anwani moja, Rotterdam,
mara kumi na tisa, kati ya saa nane na saa kumi usiku.

Kwilasa.
Kaka yangu, asiyejua kuanika hata soksi.
Tangu matanga hajajibu ujumbe wangu hata mmoja,
na mimi, sitaficha, wa mwisho niliuandika kwa nyongo.

Nikavuta kamba mwenyewe.
Chanja. Mikono ya Sumbuko. Upepo ukipiga kipaza sauti.
Sekunde ya thelathini na moja, nyuma kabisa, pembeni,
anapita mama na ndoo,
anasema, wala si kwa kamera, "Mfukuzeni kuku huyo!"
na kutokea upande wa pili wa picha.
Sekunde nne.
Nimeitazama video hii mara ngapi, nikitazama dagaa?

Jumanne iliyofuata bei ilipanda, nikaandika bei.
Nikaandika mvua, na msiba wa Nansio.
Chini kabisa, baada ya saini, mahali wasipofika wasomaji,
nikafunga kamba moja, bila utangulizi:
Mama anafukuza kuku, sekunde ya thelathini na moja.
Kidole kikakaa juu ya kitufe mpaka taa za Mwaloni zikawaka.

Nikatuma kwa wote mia mbili na kumi na wanne.

Wawili waliuliza kama nimekosea.
Bugota alisema ameisikia ndoo.
Alhamisi, saa tisa usiku, ukaja mstari mmoja
usio na salamu:
"Yule kuku, mlimla?"