Deni la Kuni

Ilibandikwa jina Marietta Boyle,
mke wa tajiri mmoja wa Seattle
aliyekufa bila kuuona mto Yukon.
Tumbo bapa kama sinia,
maji ya magotini yaliitosha,
na gurudumu la makasia kisogoni
likiuchota mto, likiumwaga, likiuchota tena,
kama mtu anayekimbia huku akifagia nyayo zake.

Babu yangu, Hosea Luke, aliiita Mlaji.
Mafungu mawili ya kuni kwa saa moja, na bado njaa.
Alizikata majira ya baridi,
shoka likidunda kwenye misonobari iliyoganda mpaka moyoni,
akazipanga ukingoni, akangoja barafu ipasuke.

Daftari lake ninalo mimi.
Hakujua kusoma; alichora vijiti,
na karani wa meli, penye kumi, akaona tisa.
Unga. Chai. Risasi,
vyote kwa kalamu ya risasi.

Alisimulia aliyoyaona yakipita:
piano iliyofungwa blanketi,
ng'ombe mwenye kichefuchefu,
wachimba dhahabu waliopanda mto wakitamba,
wakashuka wakidaiwa hata viatu.
Penye maporomoko meli ilifungwa waya kwenye mwamba
ikajivuta yenyewe, inchi kwa inchi,
ikilia kama mwanamke wa uchungu wa kwanza.

Septemba 1926 ikamchukua shangazi Effie.
Miaka saba. Shule ya mapadri.
Alisimama nyuma kabisa, juu ya gurudumu,
akipunga mkono, maana alidhani ni matembezi.
Kuni zilizompeleka alizikata baba yake.
Chini ya tarehe hiyo daftari linasema:
vijiti sita. Sukari.

Kisha barabara ya changarawe, kisha malori.
Wakaipandisha Mlaji ufukoni juu ya magogo,
wakaondoka na kengele yake.
Kindi wakahamia chumba cha nahodha.

Baridi ikikaza, mama huenda na mtaimbo.
Mbao za sitaha huwaka kijani kwa sababu ya rangi,
hupiga chafya jikoni, misumari hubaki majivuni.
Kwa kila mzigo mama huchora kijiti
katika daftari lilelile, upande wa pili.
"Dawa ya deni," anasema, hamalizii.

Jana amefikisha fungu la nne.
Gurudumu hatuligusi.
Mwaka huu kuni zilituishia Februari,
tukachoma kiti, tukachoma mlango wa kibanda cha mbwa,
na gurudumu hatukuligusa.