Nyumba Isiyo na Kiwanja

Niliikuta Vingunguti, nyuma ya gereji,
imekalia matofali, kuku wametagia kwenye sinki.
Bedford ya mwaka sabini na tatu:
kitanda, jiko la plati mbili, kabati la nguo za mtu mwembamba,
na paa la turubai linaloinuka nusu
kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.
Mwenyewe alikuwa mchimba visima.
Aliondoka akisema atarudi baada ya Pasaka.
Hakusema Pasaka ipi.

Nikatoa pesa ya kiinua mgongo.
Shemeji yangu Mtitu akashika kichwa:
"Kwa pesa hiyo Chanika unapata ishirini kwa ishirini,
tena ya kona, karibu na nguzo ya umeme!"
Nikamwambia kiwanja hakina gea ya rivasi.
Hakucheka.
Tabu, mke wangu, naye hakucheka.

Kutu ya mji huu haina haraka.
Huja na hewa ya chumvi, usiku, bila hodi,
ikaanzia chini ya mlango, mahali jicho lisipoinama.
Unabonyeza kwa kidole gumba,
bati linazama kama biskuti iliyolowa chai.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Mimi ufa niliziba, na ukuta nikajenga,
kwa bati la pipa la mafuta ya kula;
Kingaru akachomelea, jicho moja amelifumba,
hiyo ndiyo miwani yake.

Kabureta niliipata Gerezani, siku ya tisa,
imewekwa juu ya risiti zisipeperuke.
Muuzaji aliponiona nimeshtuka
bei ikapanda palepale.

Nyumba njema si mlango, ndiyo,
lakini njooni muuone huu:
wiki tatu, bawaba saba,
na bado ukiufunga kwa hasira
unafunguka kwa upole.

Miezi yote hiyo Tabu aliniletea chai, akaishia nje.
Alhamisi moja umeme ukakatika,
mimi niko chini, mkono umo ndani ya giaboksi,
nikaona mwanga. Tochi.
"Hapo kushoto," akasema, "si ndipo panapovuja?"
Kesho yake akayapima madirisha
kwa futi yake ya cherehani.

Akaja kijana wa anwani za makazi na vibao vyake.
Akatazama pazia, akatazama tairi.
"Hii niandike nyumba au gari?"
"Andika kwa penseli," nikamwambia.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye mizani, Kibaha,
nikipima safari za watu:
saruji inayopanda, vitunguu vinavyoshuka.
Nilijua uzito wa kwenda kwa kila mtu
isipokuwa wangu.

Tulitoka Tabata saa kumi na moja alfajiri.
Kimara ikachemka. Mbezi ikachemka.
Kiluvya tukanywa chai tukingoja ipoe.
Kibaha nikakata kona kuingia mizani,
ingawa gari dogo halidaiwi.
Binti wa zamu hakunijua.
"Umebeba nini, mzee?"
"Nyumba."
"Na maharage ya jana," Tabu akaongeza.
Kilo elfu mbili mia tatu na tisini.
Akanipa karatasi.

Wenzangu hati zao wamezifungia sandukuni.
Yangu nimeibandika juu ya kitanda, ina doa la grisi.

Mtitu anauliza tulifika wapi.
Chalinze. Tulilala Chalinze, paa limeinuka,
mvua ikapata tundu nisilolijua, juu ya mguu wangu.
Sasa nalijua.
Jumamosi hii nina brashi za stata,
gasketi, na lile tundu.
Tabu ameshaandika kwenye kalenda: Morogoro.
Kwa penseli.