Uchaguzi Uani

Muuzaji ametandaza turubai uani Ihumwa,
mikasi ya haidroliki imejipanga midomo wazi
kama mbuzi wa mnadani wanaokaguliwa meno.
Mhasibu anauliza bei, kisha bei tena.

Sajenti Ndahani anapiga goti vumbini,
ananyanyua mmoja, anauweka usawa wa kifua,
anangoja mkono uanze kutetemeka.

Mlango wa Noah chakavu:
wa pampu unautafuna kama muwa,
unanguruma hadi kunguru wanahama paa.
Wa betri unajikongoja, unaguna tu.

"Huu," anasema.
"Afande, huu mvivu!"

Kibaigwa, usiku, kabini ya lori la alizeti,
kijana alikuwa akituelekeza mguu wake uliponasa.
Pampu ilikuwa ikinguruma.

Tukakata tulipodhani.