Kola Isiyo na Shati

Kitabu nilikipata Nakuru, kwenye rundo la mitumba,
chini ya suruali za watoto na pazia lililoungua.
Shilingi thelathini. Muuzaji akanicheka:
"Mama, hicho hata picha zake zimechujuka."
Nikamwambia, funga.

Molo asubuhi haina huruma.
Saa kumi na moja niko kwenye mizani ya maziwa,
mikebe inalia, pumzi za watu zinaonekana,
na ukungu umekaa barabarani kama mgeni
asiyejua kwamba chai imekwisha.
Kati ya punda na punda
mimi hufuma.

Sindano zangu ni spoki nne
za baiskeli iliyokataa kupona.
Uzi ni sweta ya shule ya Moraa,
ya kijani, kiwiko kimoja kimeliwa na dawati.
Niliifumua Jumapili, ikanikimbia mikononi
kilomita nzima ya hesabu, adhabu na uji;
nikaiosha, nikaitundika na jiwe
ili isahau mikunjo yake.

Kitabu hakisemi sana. Kinaamrisha:
mbele mbili, nyuma mbili, rudia hadi mwisho.
Kwa miezi mitatu nilidhani ni kiburi cha mwandishi,
kumbe ni mtu anayekushika mkono gizani
asitake mazungumzo.
Mbele mbili, nyuma mbili,
na mbavu zinainuka zenyewe
kama matuta ya viazi baada ya mvua.

Raha yenyewe nitaielezaje?
Kuhesabu vitanzi mpaka mia moja na minane
na kukuta vyote vimo, hakuna kilichotoroka.
Kibor wa punda mweupe huniita, nipime maziwa yake,
nami namwinulia kidole: "Sitini na sita, sitini na saba..."
Naye husimama kimya, kofia mkononi,
kama aliyekuta watu wakisali.

Jina lake ndilo lilitushinda.
Skafu? Haina ncha.
Kofia? Imekosa utosi.
Chelang'at akasema ni kamba ya ng'ombe mwenye adabu.
Mama mkwe wangu, Bosibori, akaigeuza,
akanitazama kupitia humo kwa jicho moja:
"Hii ni kola isiyo na shati."
Basi.

Lakini ukurasa wa thelathini na tatu haupo.
Mtindo wa tisa, ule wenye misuko inayopishana
kama njia za kondoo kule Mau,
unaanza vizuri, unapanda, unanoga,
kisha mtu fulani, mahali fulani, aliurarua,
pengine akawashia jiko, pengine akafungia njugu,
na mwisho ukaenda naye.

Mara ya kwanza nililia kidogo, sitaficha.
Mara ya pili nikafumua yote.
Mara ya tatu lori la maziwa lilichelewa,
mvua ikanifungia bandani,
vidole vikaendelea bila kuniuliza:
mstari wa nyuma, mstari wa mbele,
kisha vifundo vidogo, vimetawanyika kama maua ya pareto,
nikakata uzi kwa meno.

Tangu hapo hakuna kola mbili zilizoisha sawa.
Ya Kibor ina ukingo mzito, maana huamka kabla ya jogoo.
Ya Bosibori imelegea; tangu ujana
hajakubali kubanwa na chochote.
Moraa alipewa sweta yake mwenyewe
iliyorudi na sura nyingine.
Akaivaa, akainusa, akasema,
"Bado ina chaki."

Leo nimeanza ya kijivu,
sufu ya kondoo safari hii, ina mafuta na vipande vya majani.
Sijui ni ya nani. Shingo itajitokeza.
Mbele mbili, nyuma mbili.
Nasikia mkebe umetuliwa mlangoni.
Ngoja kwanza,
nimalize mstari.