Sehemu ya Pili

Kibanda changu kiko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kati ya fundi cherehani na muuza supu ya pweza.
Leta flashi. Muvi moja mia tatu, kumi elfu mbili.
Za Kikorea nakupangia kwa misimu,
za vita zina sauti ya mtafsiri wetu,
yule anayemfanya jenerali wa Kichina atukane kwa Kidigo.

Mwaka juzi walikuja watu wa leseni.
Walibeba kompyuta mbili, feni, hata kalenda.
Mkubwa wao, Bwana Semkiwa, akabaki nyuma
akifunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa.
"Kijana, ile katuni ya samaki wanaoongea...
wanangu hawanipi usingizi."
Nilimpa. Ilikuwamo kwenye simu.
Jumatatu nikafungua tena.
Kwani duka ni kompyuta?
Duka ni flashi ya mpwa wangu,
na ya jirani wa mpwa wangu,
na ya yule aliyeniuzia supu leo asubuhi.

Nilikuwa na hoja, nimeinoa ikanoleka:
ukiiba kuku, bandani yanabaki manyoya.
Mimi nikichukua sinema, sinema ipo pale pale,
haijapungua hata kikohozi.
Mwizi gani huyo, anayeiacha mali kwa mwenyewe?

Ndipo akaja Mwanatumu Mbwana, kompyuta mgongoni.
"Programu ya kukatia picha imegoma. Inadai pesa."
Nikaitazama bei: kwa mwaka,
kodi ya chumba chake cha Chumbageni miezi saba,
tena ilipwe kwa kadi ya benki asiyokuwa nayo.
Niliivunja kufuli kwa dakika kumi na moja.
Elfu tano. Alilipa, akasema ahsante.

Humo ndimo alimoikatia *Kisima cha Mabokweni*.
Aliuza friji, akakopa kwenye kikoba,
pilau ya waigizaji alipika mwenyewe.
Ilitoka Ijumaa.
Jumamosi adhuhuri nilikuwa nayo.

Mama yangu aliitazama mara tatu,
akalia mara tatu mahali pale pale:
binti anateremsha ndoo kisimani
na kamba inarudi peke yake.
Kisha skrini nyeusi. ITAENDELEA.

Mji mzima uliiona, Raskazone hadi Mikanjuni.
Nakala alizouza halali: arobaini na moja.
Aliniambia mwenyewe, bila kugomba,
amesimama kibandani mwangu
akisoma jina la sinema yake kwenye orodha,
namba mia mbili na kumi na mbili,
kalamu yangu imekosea, nimeandika *Kisma*.
Nilingoja matusi.
Nilikuwa na jibu tayari: na ile programu je?
Nadhani na yeye alikuwa nalo, hilo hilo.
Akachukua kalamu, akasahihisha,
akaenda zake.

Sasa anauza vitenge soko la Mgandini.
Na wateja kila siku: "Mhandisi, sehemu ya pili ipo?"
Nimeitafuta, wallahi.
Makufuli ya dunia nzima nayajua,
hii haina kufuli, haina mlango,
haina hata ukuta wa kuruka.

Mama naye huuliza.
Namwambia, bado haijatoka.
"Basi ikitoka," anasema, akinikabidhi flashi yake,
"uniwekee."