Kamba ya Nguo

"Nifuateni nyuma, mawe yanateleza,"
asema Nyanzobe, fimbo mkononi,
kofia ya ofisi imemzidi kichwa.
Hapa pimbi wanaota jua. Pale mjusi,
kichwa chekundu, kiwiliwili buluu,
anapiga pushapu kama mgambo mpya.
Tunacheka. Yeye hacheki,
mjusi huyo kamtangaza tangu Jumatatu.

Kisiwa kimya. Jiji liko ng'ambo,
limeupanda mlima kwa magoti,
nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba.

"Na kule?" mmoja wetu auliza.
"Igogo. Bati la tatu kutoka mnara wa simu."
"Kuna nini cha kuona?"
"Kamba ya nguo."

Kila kona anaitupia jicho.
Tunafika jiwe la mwisho:
kwenye kamba, khanga nyekundu.
Hasemi kitu. Hatua zinarefuka,
swala anapewa sentensi moja,
ngedere hata jina hapati.

Botini ndipo anapofungua kinywa:
"Mama ameanika. Bomba linatoa.
Huwa ni saa mbili tu, na ndoo zetu ni sita."

Kisha anachota ziwa kwa kiganja,
ananawa uso.