Alama Tano kwa Kila Neno

Saa nne usiku. Theluji imeacha kuanguka.
Juu ya korongo vigari vya waya vimelala hewani,
kimoja huku, kimoja kule, kama ndoo zilizosahauliwa kisimani.
Mwalimu Natela anavuta taa karibu,
anafungua daftari la kwanza kati ya ishirini na matatu.

Swali alilinakili kwenye kitabu cha wizara:
Eleza maana ya jamii, serikali, biashara, mazingira.
Alama tano kwa kila neno.

Eteri amejibu kama kitabu kinavyosema,
nukta kwa nukta; hata kosa la mpiga chapa amelibeba.
Ishirini juu ya ishirini.
Natela anapiga mwayo.

Malkhazi:
"Jamii ni watu wanaojua mbwa wako anaitwa nani."
Kalamu nyekundu inasita.
"Biashara ni siku ile babu alipouza ng'ombe
akanunua mashine ya kukamulia."
Anacheka peke yake, na jiko la kuni linamjibu kwa cheche.
Anampa nne. Anafuta. Anampa tano.

Wapo waliosema serikali ni bendera.
Wapo waliosema ni mjomba wake Murmani,
maana gari lake haliegeshwi, huachwa tu barabarani.
Mmoja kaandika: "Serikali ni watu wanaokuja kupiga picha daraja."
Daraja gani, hakusema. Hapa mjini tunalijua.

Chai imepoa. Limebaki daftari la Tsiala,
yule wa dawati la mwisho, anayekohoa kwa adabu,
mdomo kwenye kiwiko.

"Mazingira: mto wetu ni mweusi.
Mama anasema zamani ulikuwa na rangi ya mto.
Mimi sijui rangi ya mto ni ipi.

Biashara: baba anachimba manganizi.
Mgodi unachafua mto. Mgodi unamlipa baba.
Baba amenunua daftari hili,
kwa hiyo naandika herufi ndogondogo lisiishe upesi.

Jamii: sisi wote tunaokunywa maji ya chupa
na kuwaambia wageni kwamba ni kwa sababu ya ladha.

Serikali:"

Hapo kaacha mistari minne mitupu,
na pembeni, kwa penseli: "Nitamuuliza mwalimu."

Natela anavua miwani.

Vuli iliyopita, katika ukumbi wa utamaduni,
meya alisoma ombi la kampuni: mgodi upanuliwe hadi kingo za mto,
na shule itaezekwa upya.
Wanaokubali wainue mikono.
Watu walitazama viatu vyao.
Kitambaa cha Natela kilikuwa kimeteleza;
akapeleka mkono kichwani kukirekebisha,
na karani, mbio mbio, akamhesabu.
Arobaini na moja, alitangaza.
Kura moja zaidi ya waliokataa.

Angeweza kusimama. Angeweza kusema, jamani, nilikuwa nafunga kitambaa.
Lakini mvua ilikuwa ikinyesha,
na kila mzazi mle ndani alijua
ndoo ngapi hutegwa darasani mvua inaponyesha.
Mkono wake ukabaki palepale, juu ya fundo,
muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

Sasa paa halivuji.
Sasa Tsiala anakohoa pakavu.

Kalamu iko juu ya ile mistari minne.
Anaanza, "Serikali ni chombo," anakata.
Anaanza, "Serikali ni wao," anakata kwa nguvu,
karatasi inachanika kidogo, karatasi ile ile ya kubania.
Anaitandaza kwa kiganja, kama mtu anayebembeleza paka.

Kesho saa moja na nusu kigari cha kwanza kitashuka
na watoto tisa, makoti yamefungwa hadi kidevuni,
na chini yao mto,
ambao hata theluji imeshindwa kuupaka rangi.

Hatoi alama.
Anaandika tu, pembeni, karibu na penseli ya mtoto,
lile neno ambalo kila mwanafunzi huliogopa,
na ambalo ameliandika mara elfu bila kulisoma:

Nione.